Re: Flashi ya GB 64 inasoma 59, nimepigwa?

Hahaha mkuu hujapigwa, tulia. Kiwandani GB moja wanaihesabu baiti bilioni 1 kamili, Windows yenyewe inagawa kwa 1024 mara tatu, sasa chukua bilioni 64 zako ugawe hivyo utapata 59 na pointi, hakuna aliyekula chenji yako.

Aliyepigwa ni mimi bana. Nilinunua flashi ya 2TB kwa elfu kumi na tano, jamaa anaiuza mezani pamoja na soksi na chaja, na mimi nikajiona mjanjaaa. Laptopu ikasoma 2TB freshi kabisa, nikamwaga picha zote za harusi ya sista, kuja kufungua, bi harusi anaingia ukumbini yupo, kuanzia keki kuendelea kijivu tupu. Kumbe chipu wanaichezea iseme uongo, ndani ilikuwa GB 8 tu. Sista akiuliza namwambia ziko kwenye kompyuta ya ofisini 😂

Yako kama bado una wasiwasi ipime na programu inaitwa H2testw, ni ya bure, inaijaza yote halafu inasoma upya kama kilichoandikwa kipo, ila inachukua muda, injika hata maharage kabisa.