Majibu ya damu ya mtoto mchanga husomwa pamoja na saa

Nimefanya kazi ya uuguzi katika wodi ya watoto wachanga hapa Tanzania kwa miaka 11, na swali ninaloulizwa mara nyingi na wazazi walioshika karatasi ya maabara ni hili: "Sista, damu ya mwanangu ni safi?" Naandika kwa ajili yao, na pia kwa wauguzi wanaoanza kazi, kwa sababu siku moja nililijibu swali hilo kwa haraka na nikakosea.

Alikuwa mtoto wa kike wa siku 5, aliyeletwa jioni baada ya kukataa ziwa tangu mchana. CRP yake, yaani ile protini ambayo ini huitengeneza kwa wingi mwili unaposhambuliwa, ilikuwa miligramu 6 kwa lita, na wengi wetu huanza kushtuka inapovuka 10. Nikamwambia mama yake kwamba damu haina uambukizi. Daktari wa zamu hakuridhika, kwa kuwa mtoto alikuwa amelegea na mikono yake ilikuwa ya baridi. Akaagiza damu ya kuotesha ichukuliwe, yaani ile inayowekwa kwenye chupa maalumu ili kimelea kilichomo kiote na kutambuliwa, kisha antibaiotiki za ampisilini na jentamaisini zianzwe usiku uleule. Asubuhi nilipomchoma tena kwa kipimo cha marudio, pamba niliyoikandamiza kwenye tundu la sindano haikukauka. Niliibadilisha mara tatu, na kila mara doa jekundu lilirudi. Majibu yalipofika, CRP ilikuwa 74, na chembe sahani, ambazo ndizo huzuia damu kuvuja, zilikuwa 38,000 badala ya 150,000 au zaidi. Baadaye chupa ya kuotesha ikatoa bakteria aitwaye Klebsiella, dawa zikabadilishwa kulingana na majibu ya usugu, yaani dawa zipi zinamshinda na zipi hazimwezi, na mtoto akapona.

Kosa langu lilikuwa la saa. CRP huanza kupanda takriban saa 10 hadi 12 tangu ugonjwa uanze, na hufika kileleni baada ya siku moja na nusu hivi au mbili, kwa hiyo damu iliyochukuliwa mapema mno inaweza kuonekana njema huku mtoto akizidiwa. Ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya saa 24, na kikibaki chini mara zote mbili ndipo daktari hupata msingi wa kufikiria kusimamisha dawa. Prokalsitonini, kipimo kingine cha damu cha kutafuta uambukizi, huwahi zaidi kupanda, ila katika siku mbili za kwanza za maisha hupanda hata kwa mtoto mzima wa afya. CRP nayo inaweza kupandishwa na uchungu wa muda mrefu, au na mtoto kuvuta maji yenye kinyesi wakati wa kuzaliwa.

Aina ya kimelea nayo huacha alama zake. Bakteria wa kundi liitwalo Gram hasi, kama Klebsiella na E. coli, wana sumu katika ukuta wao, na kwa kawaida ndio wanaopandisha CRP juu sana na kuangusha chembe sahani kwa kasi. Staphylococcus epidermidis, anayeishi kwenye ngozi na hupenda kupitia kwenye mirija ya dripu, mara nyingi huinua CRP kidogo tu. Na kwa kuwa anaweza kuingia kwenye chupa kutoka kwenye ngozi isiyosafishwa vizuri, nawasihi wenzangu waiache spiriti ikauke kabla ya kuchoma. Fangasi wa Candida huwaandama hasa njiti waliokaa na antibaiotiki kwa muda mrefu. Kwao chembe sahani hushuka na kubaki chini siku nyingi, pengine CRP ikiwa ya wastani, na mtoto wa namna hiyo asipopata nafuu kwa antibaiotiki, ni haki ya mzazi kumuuliza daktari kuhusu fangasi.

Hata hivyo, alama hizi huingiliana, na hakuna namba inayoweza kumtaja kimelea kwa jina. Hiyo ni kazi ya kuotesha damu, inayohitaji angalau mililita 1 iliyochukuliwa kabla ya dozi ya kwanza, bila dawa kucheleweshwa kwa mtoto aliyezidiwa. Chembe nyeupe husaidia kiasi: kiwango cha kawaida cha mtoto mchanga ni kipana mno, ingawa zikishuka chini ya 5,000 tunapata wasiwasi. Tena, kabla ya kuogopa chembe sahani chache, hakikisheni damu haikuganda kwenye kichupa cha kizibo cha zambarau, kwa sababu bonge dogo tu huzificha na kutoa majibu ya uongo.

Mzazi, mtoto akikataa kunyonya, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, akiwa na joto la 37.5 na kuendelea au akipoa chini ya 35.5, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama vipimo vya jana vilikuwa vizuri. Mkiwa wodini, fanyeni kama mama yule alivyofanya tangu asubuhi ile: nyuma ya kadi ya kliniki aliandika kwa kalamu saa mtoto alipokataa ziwa, saa damu ilipochukuliwa na saa sindano ya kwanza ilipotolewa, na daktari alipopita raundi aliiomba kadi hiyo kabla ya karatasi ya maabara.