Maswali na Majibu: Rodista ya Doane Spencer na fremu ya Ford ya mwaka 1932

SWALI: Mwalimu, nimeona picha za gari jeusi la wazi, Ford ya mwaka 1932, lililojengwa na Mmarekani Doane Spencer, na maelezo yake yamenichanganya. Linaitwa gari la 1932, ilhali magurudumu, breki na kioo chake cha mbele si vya mwaka huo. Naomba unifafanulie mambo matatu. Kwa nini vijana wa California waliipenda Ford ya mwaka huo mmoja kuliko nyingine zote? Gari hili lilifikaje katika hali iliyopo? Na mtaalamu anawezaje kusema kuwa gari ni halisi wakati vipande vyake vingi vimebadilishwa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, gari unaloliulizia ni mojawapo ya rodista zinazoheshimiwa sana katika historia ya hotirodi, na maswali yako matatu yana mzizi mmoja. Kabla ya kuufikia, tukubaliane juu ya maneno. Rodista ni gari dogo la wazi, lenye kiti kimoja cha watu wawili, turubai badala ya paa la bati, na milango isiyo na vioo vya kupandisha. Hotirodi ni gari la kawaida, mara nyingi la zamani, ambalo mwenyewe amelipunguzia uzito na kuliongezea nguvu ili likimbie kuliko kiwanda kilivyokusudia. Jina hilo lilienea katikati ya miaka ya 1940, lakini kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kuanza.

Ukiuliza kwa nini iwe Ford ya 1932, wengi watakujibu kwa neno moja: injini. Jibu hilo ni sahihi kwa nusu tu, lakini nusu hiyo inastahili kuelezwa vizuri. Tarehe 31 Machi 1932, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, kampuni ya Ford ilizindua gari la bei nafuu lenye injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Injini za namna hiyo zilikuwapo kabla, lakini zilikaa ndani ya magari ya matajiri. Ford ilifaulu kuisubu bloku nzima, yaani mwili wa injini, pamoja na safu zake mbili za silinda, kwa pande moja la chuma, na gharama ikashuka kiasi kwamba rodista yenye injini hiyo iliuzwa kuanzia dola 460. Ujazo wake ulikuwa inchi za ujazo 221, yaani lita 3.6 hivi, na ilitoa nguvu ya farasi 65, wakati injini ya silinda nne iliyouzwa mwaka huo huo katika gari lile lile ilitoa 50. Gari lenyewe lilikuwa na uzito wa takribani tani moja. Ukimpa kijana wa miaka 19 nguvu hiyo katika gari jepesi namna ile, hutashangaa alipoipeleka.

Valvu za injini hii, yaani vifuniko vidogo vinavyofungua na kufunga njia za hewa na moshi, zimekaa ndani ya bloku, pembeni mwa silinda, na kwa sababu hiyo silinda hedi yake, sehemu inayofunika silinda kwa juu, ni kifuniko bapa kisicho na mashine yoyote ndani yake. Muundo huo ni rahisi kuuhudumia, lakini una kasoro ambayo kila fundi aliyewahi kuishughulikia injini hii anaijua: moshi wenye moto mkali hupita ndani ya bloku, jirani kabisa na njia za maji, kabla haujatokea nje kwa matundu matatu tu kila upande, kwa kuwa silinda mbili za katikati hushirikiana tundu moja. Pampu mbili za maji za mwaka 1932 nazo ziliwekwa juu, kwenye hedi, zikiyavuta maji yaliyokwisha kupata moto badala ya kuyasukuma yaliyo baridi. Ford ilizihamishia chini, mbele ya bloku, mwaka 1937. Nilipokuwa nikijifunza kazi tulifungua injini ya namna hii iliyotoka kwenye lori kuukuu. Mkuu wa karakana aliipangusa bloku, akaipaka mafuta ya taa, akaikausha kwa kitambaa, kisha akasugua unga wa chaki kuzunguka viti vya valvu na kutuambia tusubiri. Baada ya dakika chache mstari mwembamba wa rangi ya majivu ulijichora juu ya chaki, kutoka kwenye kiti cha valvu ya ekzosi, yaani ya kutolea moshi, hadi kwenye ukingo wa silinda. Ulikuwa ufa, uliosababishwa na joto la miaka mingi, na ni mahali pale pale ambapo bloku nyingi za aina hii hupasukia. Ninalieleza hili kwa sababu hotirodi nyingi za zamani hazina injini zilizozaliwa nazo, na mara nyingi ufa kama huo ndio chanzo, wala si tamaa ya mwenyewe ya kubadilisha.

Vijana waliiongezea injini hiyo pumzi kwanza. Waliweka manifoldi, yaani bomba la kugawa hewa na mafuta kwa silinda, iliyobeba kabureta mbili, hasa za aina ya Stromberg 97, ambayo Ford yenyewe ilianza kuitumia mwaka 1936. Wakaweka kamshafti, yaani mihimili inayofungua valvu, zilizochongwa upya na mafundi kama Ed Winfield. Wakaongeza mgandamizo kwa hedi za alumini. Vic Edelbrock, ambaye baadaye jina lake lilikuwa alama ya biashara, aliijaribu manifoldi yake mwenyewe kwenye rodista ya Ford ya 1932 aliyoendeshea shughuli zake za kila siku, na mwaka 1941 gari hilo lilivuka maili 120 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 190. Baada ya vita ilikuwa kawaida kuiondoa injini ya 1932 na kuweka ya Mercury, chapa dada ya Ford, au ya Ford ya baadaye yenye inchi za ujazo 239, kwa sababu familia hiyo ya injini ilidumu na muundo ule ule wa msingi, na kazi ya kuifunga ilihitaji marekebisho machache tu.

Hapo ndipo jibu la injini linapopungukiwa. Ikiwa injini ya 1932 yenyewe iliondolewa bila majuto, gari la 1932 lilipendwa kwa lipi? Lilipendwa kwa fremu yake, yaani kiunzi cha chuma cha chini kinachobeba bodi na injini. Katika magari ya Ford yaliyotangulia, ya mwaka 1928 hadi 1931, fremu ilikuwa chuma cha kufichwa, na mabati maalumu yaliziba nafasi kati yake na ubao wa kukanyagia. Mwaka 1932 wabunifu waliyaondoa mabati hayo na kuufanya ubavu wa fremu uwe sehemu ya sura ya gari: nyuma na mbele unapinda kwa mkunjo unaoufuata mwili, na urefu wake wote umechorwa mstari uliokandamizwa na mashine ya kiwandani. Matokeo yake, ukivua madigadi na ubao wa kukanyagia, gari halibaki uchi kama kuku aliyenyonyolewa, bali linaonekana kana kwamba ndivyo lilivyokusudiwa kuwa tangu mwanzo. Tangi la mafuta lilihamishwa kutoka mbele ya dereva hadi nyuma, likawa kifungio kizuri cha umbo la gari. Na rejeta ikapewa uso wake wa pekee, ambao haukurudiwa tena. Magari ya 1933 na 1934 yalikuwa na fremu imara zaidi, yenye muundo wa X katikati, lakini umbali kati ya ekseli uliongezwa kutoka inchi 106 hadi 112, na gari likawa jingine kabisa. Mimi naamini kwamba kama fremu ya 1932 ingefunikwa kama zile za kabla yake, tusingekuwa na mazungumzo haya leo.

Lipo pia suala la mahali. Katika jangwa la Mojave, kaskazini mwa Los Angeles, kuna maziwa yaliyokauka, kama Muroc na El Mirage, ambayo sakafu yake ya udongo ni tambarare kwa kilomita nyingi. Vijana walikwenda huko kupima mwendo, na mwaka 1937 klabu zao ziliunda Chama cha Upimaji wa Mwendo cha Kusini mwa California ili kuweka kanuni na saa za kuaminika. Kwa miaka mingi mashindano hayo yalikuwa ya magari ya wazi, na magari yenye paa yalichelewa kukubaliwa, kwa hiyo aliyetaka kutambuliwa alitafuta rodista. Vita vilisimamisha utengenezaji wa magari ya kiraia mwezi Februari 1942, Muroc ikachukuliwa na jeshi na leo ni sehemu ya kambi ya anga ya Edwards. Vijana waliporudi kutoka vitani, wengi wakiwa wamefunzwa uchomeleaji na uchongaji wa vyuma jeshini, walizikuta Ford za 1932 zikiwa magari makuukuu ya bei ya chini.

Sasa tuje kwenye gari lako. Spencer alilipata mwaka 1944 kutoka kwa kijana mwingine, Jack Dyer, ambaye alikuwa amekwisha kuanza kulibadilisha. Kioo cha mbele kilichokutatiza ni cha DuVall: fremu ya metali inayong'aa, iliyogawanyika katikati kwa umbo la V na kulalia nyuma, iliyobuniwa na George DuVall katika miaka ya 1930. Breki hazikuwa suala la urembo. Ford ya 1932 ilisimamishwa kwa vyuma vilivyounganishwa na pedali, na kampuni hiyo haikuweka breki za haidroliki hadi mwaka 1939; mtu aliyeongeza nguvu ya injini maradufu bila kugusa breki alikuwa akijichimbia kaburi, ndiyo maana wajenzi makini walichukua breki za Ford za 1939 na 1940, au zile za Lincoln, chapa ya kifahari ya kampuni hiyo hiyo, zilizokuwa na nguvu zaidi. Spencer alikuwa mjenzi makini. Alilitumia gari lake kwa safari ndefu za barabarani, na kila mabadiliko aliyoyafanya yalitokana na jambo alilolihisi akiwa kwenye usukani.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja alipolikusudia gari hilo kwa mbio za Carrera Panamericana, zilizokuwa zikikatiza Mexico kwa zaidi ya kilomita 3,000 kati ya mwaka 1950 na 1954. Hotirodi nyingi hushushwa ziguse chini. Yeye alilipa gari lake nafasi ya kutosha kutoka ardhini, kwa kuwa barabara za huko zingelivunja. Bomba la ekzosi, ambalo ndilo hukwaruzwa kwanza na mawe, alilipitisha ndani ya chuma cha fremu yenyewe. Mbio zilifutwa, na gari halikuzishiriki. Alimuuzia Lynn Wineland, kisha likaenda kwa Neal East, na baadaye kwa Bruce Meyer, ambaye alilipeleka kwa mjenzi wa hotirodi Pete Chapouris likakarabatiwe na kurejeshwa katika hali yake ya zamani. Mwaka 1997 maonyesho ya Pebble Beach, huko California, yaliyozoea magari ya kifahari, yalifungua kwa mara ya kwanza daraja la hotirodi, na gari hili likashika nafasi ya kwanza.

Swali lako la tatu ni gumu zaidi, na mafundi wenzangu hawakubaliani juu yake. Msimamo wangu ni kwamba utambulisho wa kisheria na wa kihistoria wa gari la aina hii umo katika fremu, kwa sababu injini, ekseli na giaboksi vilitengenezwa ili vitoke. Kiwanda kilipiga nambari juu ya ubavu wa kushoto wa fremu, katika sehemu zaidi ya moja, na baadhi yake zimefunikwa na bodi. Asiyeinua bodi hajazisoma. Nambari za gari la V8 huanza na 18, zikiwa na nyota kila mwisho, lakini kianzio hicho kiliendelea kutumika hadi 1936, hivyo mkaguzi hulinganisha pia mfuatano wa nambari na umbo la fremu. Siku hizi bodi mpya za chuma za mtindo wa 1932 hutengenezwa na kuuzwa dukani, na kwa sababu hiyo bodi nzuri peke yake haithibitishi lolote.

Baada ya nambari huja kazi ya mkono. Mjenzi hawezi kuficha namna anavyochomelea, mahali alipotoboa, na kipimo alichokipenda. Picha za zamani zinapoonyesha tundu au kiraka kimoja mahali pale pale kilipo leo, mkaguzi ana ushahidi wenye nguvu kuliko hati ya umiliki. Kuhusu gari lirejeshwe katika hali ya mwaka gani, sikubaliani na wanaotaka kila kitu kirudi kama kilivyotoka kiwandani, kwani kufanya hivyo kungemfuta Spencer. Kipimo sahihi ni wakati ambapo wazo la mjenzi lilikuwa limekamilika.

Ukirudi kwenye picha zako, utazame kwanza chini ya mlango, uufuate mstari uliokandamizwa kwenye ubavu wa fremu: huo ni wa kiwanda, wa 1932. Kisha, ukibahatika kupata picha iliyopigwa kutoka chini ya gari, utafute mahali ekzosi inapoingia kwenye chuma cha fremu hiyo hiyo. Hiyo ni kazi ya Spencer.