Kwa nini matetemeko ya Rukwa huanzia chini sana?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Tukuyu. Nimesoma kwamba ukipita kilomita 15 kwenda chini, mwamba una joto na ulaini, hauvunjiki tena. Mbona tetemeko la Rukwa la Agosti 1994 lilianzia kama kilomita 25? Tena huku tuna volkeno ya Rungwe na chemchemi za moto. Si ndiyo mwamba ungekuwa laini zaidi?

Jibu: Marahaba. Hiyo kilomita 15 ni kweli kwa sehemu nyingi za mabara, ila siyo sheria. Kinacholainisha mwamba ni joto na maji. Chukua sukari guru: ikiwa kavu na baridi, inakatika ka! Ikipata moto au unyevu, inanyumbuka mkononi. Mwamba wenye kwatsi (madini ya kawaida katika mawe na mchanga) na maji huanza kunyumbuka kwenye nyuzi joto 300 hadi 350 hivi. Mwamba wa kale uliokwisha kukauka unaweza kuvunjika hata karibu na nyuzi 600.

Ganda la dunia chini yetu lina unene wa kama kilomita 40, na upande wa chini bado ni mgumu, kwa kuwa ni mwamba mkavu wa aina hiyo. Ndiyo maana hata tetemeko la Salima, Malawi, la Machi 1989 lilianzia karibu kilomita 30. Linganisha na Tibet: uwanda wa mita 5,000 hivi, ganda la kilomita 70, lakini matetemeko yake mengi hayavuki kilomita 15 au 20 za juu. Katikati ya ganda hilo pamepikwa pakalainika. Kwa hiyo nikionyeshwa nyanda za juu, mwinuko haunitoshi kujua kama mwamba wa chini ni mgumu. Naulizia kina cha matetemeko.

Joto la Rungwe ni la mahali pake. Linapanda na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, katika njia zake, haliupiki mkoa mzima.

Ila tafadhali, ugumu huu usikutulize. Mwamba mgumu hubeba mkazo mwingi, na ufa unaoshuka kilomita 30 una eneo kubwa la kuteleza kwa mkupuo mmoja. Tetemeko la Rukwa la Desemba 13, 1910 linakadiriwa kufika kipimo cha 7.4. Lile la Karonga, Malawi, la Desemba 2009 lilikuwa dogo zaidi, lakini lilianzia karibu na uso wa ardhi, likabomoa nyumba nyingi.

Na ukiona taarifa imeandika kina cha kilomita 10 kamili, usiitumie kupima ugumu wa mwamba. Mara nyingi namba hiyo huwekwa tu pale vipima mitetemo vilivyo karibu vinapokuwa vichache mno kupata kina halisi.