Nilibeba nusu ya duka la spea, nikakwamishwa na mkanda

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwa kifupi: "Kaka, nipe orodha ya spea za kubeba, naingia porini mara ya kwanza." Nikaanza kumwandikia. Nilipofika namba 31 nikafuta zote. Orodha ya namna hiyo ninayo tayari, nimeizungusha porini miaka mitatu, na ndiyo iliyonitia aibu mbele ya watu. Kwa hiyo ndugu yangu, kabla ya spea utasikia kisa. Vumilia.

Kwa mambo ya spea mimi nilikuwa mtu wa kutajwa. Nyuma ya gari langu kulikaa sanduku la chuma lenye alteneta, stata, pampu ya maji, shokamzoba mbili, akseli nzima ya mbele na jointi zake, koili, plagi, filta za kila aina na madumu ya oili. Nilikuja kulipima baadaye: kilo 94. Kila msafara ukikaribia kuondoka nilikuwa nalifungua, eti natafuta kitambaa, kumbe nataka watu wachungulie. Leo nacheka. Wakati ule nilikuwa nasubiri kusifiwa.

Safari ile tulikuwa magari manne. Wa mwisho alikuwa kijana mwenye gari lililomzidi umri, na spea zake zote zilitosha kwenye ndoo moja ya plastiki yenye kifuniko. Nikamuuliza mbele za watu kama anakwenda porini au kuosha gari. Watu wakacheka, naye akacheka. Lishike hilo, nitalirudia.

Siku ya kwanza ilikuwa vumbi tu, haina hadithi. Siku ya pili mkanda wa injini ulianza kulia tangu asubuhi nilipowasha gari, sauti ya panya aliyebanwa mlangoni. Baadaye ikaja harufu ya mpira unaoungua. Nikajiambia ni klachi ya gari lililo mbele yangu, nikaongeza muziki. Ndiyo, niliongeza muziki. Saa nane mchana, tukiwa katikati ya korongo la mawe, taa ya betri ikawaka, usukani ukawa mzito kama umezibwa kwa saruji, na kabla sijapata pa kusimama sindano ya joto ikaanza kupanda.

Ukiona hayo matatu kwa pamoja, mkanda umekwenda. Kwenye injini nyingi mkanda mmoja ndio unaozungusha alteneta, pampu ya maji na pampu ya steringi, na ukikatika vyote vinalala siku moja. Zima gari papo hapo. Usiseme nimalizie kilima hiki kwanza. Injini ambayo maji yake hayazunguki inaweza kuunguza gasketi ya silinda hedi kwa dakika chache tu, na hiyo si kazi ya kufanyia chini ya mti.

Niliposhuka nilikuwa na furaha niliyoificha. Mkanda? Mimi tena? Ninao mpya kabisa, bado kwenye karatasi yake! Nikawaambia wenzangu wapumzike nusu saa. Nikafungua sanduku, safari hii kwa sababu ya haki, nikatoa mkanda, nikainama kwenye injini.

Haukufika. Nikaupitisha puli hii na ile, nikavuta tenshena, kile kinachokaza mkanda, kwa spana ndefu mpaka mwisho wake, puli ya mwisho ikabaki mbali karibu shubiri nzima. Nikadhani nimekosea njia, maana mkanda wa zamani ulikuwa umeshachanika na kuanguka na sikuwahi kuangalia ulivyokuwa umepita. Nikauzungusha upya. Nikauzungusha tena. Mara ya nne mikono ilikuwa inatoka damu na jua limeshaanza kuinama. Mwenzetu mmoja akapendekeza tuuvute kwa mtaimbo. Mwingine akaanza kueleza jinsi mabinti wa zamani walivyookoa magari kwa soksi ndefu za nailoni, jambo ambalo kila mtu amelisikia na sijakutana na hata mmoja aliyeliona.

Saa mbili zikapita. Ndipo kijana wa ndoo akaja na tochi. Mkanda hakuugusa. Alipenyeza mkono akaanza kuzungusha puli moja moja kwa vidole. Alteneta, inazunguka. Pampu ya maji, inazunguka. Steringi, inazunguka. Kompresa ya kiyoyozi, kimya. Akaishika kwa mikono miwili, ikakataa. Akanusa vidole vyake, akaninyooshea na mimi ninuse.

"Mkubwa," akasema, "huyu ndiye aliyeua mkanda wako. Beringi ya puli imekwama. Hata ungekuwa na mkanda sahihi, ungeukata tena kabla hatujafika juu."

Kisha akaokota kipande cha mkanda uliokatika, akakisugua mgongoni kwa kidole chenye mate mpaka maandishi yakatokea: 6PK2100. Akageuza ule mpya wangu: 6PK1780. Miaka mitatu nimeubeba na sikuwahi kuyasoma. 6 ni idadi ya mistari iliyosimama upande wa ndani, PK ni aina ya umbo lake, na tarakimu zinazofuata ni urefu kwa milimita. Wangu ulikuwa mfupi kwa milimita 320. "Huu ni wa injini kama yako," akasema, "ila ile isiyofungwa kiyoyozi."

Akafungua ndoo, akatoa kamba nyembamba, akaipitisha kwenye puli zote isipokuwa ya kompresa, akaweka alama kwa kalamu, akailaza juu ya mkanda. Zikalingana, na tenshena ikawa na nafasi ya kucheza. Akanikabidhi niufunge mwenyewe, na hiyo ni heshima ambayo mimi nisingempa yeye. Aliniambia jambo moja tu: upande wenye mifereji ukae kwenye puli zenye mifereji, mgongo laini ukae kwenye puli laini. Dakika 20 gari likawaka, taa ya betri ikazima.

Kwa maneno mengine, muuza spea aliniuzia mkanda usio wangu, na kosa lake ndilo lililonitoa porini. Nimemsamehe nusu.

Usiku ule kisa kilisimuliwa mara tatu pembeni ya moto, kila mara mkanda wangu ukizidi kuwa mfupi. Nikapewa jina: Bwana Ghala. Kijana hakusimulia hata mara moja. Pengine hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa nawaambia ninyi mnaonunua spea kama mnaokota zawadi: spea ambayo hujawahi kuifunga kwenye gari lako mwenyewe bado si spea. Ni mzigo wenye matumaini. Muuzaji anakosea, boksi linakosea, na gari lako huenda liliwahi kubadilishwa injini na mwenye gari aliyekutangulia bila wewe kujua. Ukinunua mkanda, ufunge nyumbani. Ukishakaa sawa uache humo humo, ule uliotoka, kama haujapasuka wala kung'aa kama kioo, ndio uubebe kuwa akiba. Vivyo hivyo kwa mipira ya rejeta, sensa, koili, pampu ya mafuta. Mpya ifanye kazi, ya zamani ipande sandukuni. Hapo umepata mambo mawili: unajua inaenea, na mikono yako imeshapita njia hiyo mara moja ukiwa na mwanga na huna haraka. Isipokuwa mpira wa rejeta uliolegea na kuwa laini kama ndizi mbivu. Huo tupa, usijidanganye.

Na ukiwa hapo, piga picha mkanda unavyopita. Zungusha puli zote kwa mkono gari likiwa baridi na limezimwa. Inayokwaruza, inayocheza au inayogoma itakuangusha. Mimi nilikuwa na pampu ya maji mpya sandukuni, na sikuwahi kuuweka mkono wangu kwenye ile iliyokuwa inafanya kazi.

Asubuhi yake nilimeza kiburi, nikamwomba kijana anionyeshe ndoo. Kila kitu kilikuwa kwenye mfuko wake wa nailoni, na juu ya kila mfuko ameandika kwa kalamu nzito namba ya spana inayohitajika. Mkanda: 14. Klipu za rejeta: bisibisi bapa. Tairodi, kile chuma cha usukani kinachogeuza gurudumu: 19, na pini mpya imefungwa humo humo, kwa sababu pini ya zamani ukishaikunja mara mbili haina tena uaminifu. Mimi nilikuwa na akseli nzima lakini sikuwa na soketi ya kufungulia nati yake kubwa ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Niseme tena? Akseli nilikuwa nayo. Soketi sina.

Vingine vilivyokuwemo: mipira miwili ya rejeta, wa juu na wa chini, na klipu za ziada. Utepe wa silikoni, ule unaojishika wenyewe, wa kuzungushia mpira uliotoboka. Gundi ya epoksi ya kukanda kwa mkono, kwa tanki au sampu, bakuli la oili chini ya injini, iliyogongwa na jiwe. Fyuzi za kila ukubwa. Relei mbili, zile swichi ndogo za umeme, na hapa akanifundisha kwamba kwenye magari mengi relei ya honi inafanana kabisa na ya pampu ya mafuta, ukikwama unakopa ya honi, unarudi nyumbani bila kupiga honi. Nati na stadi za gurudumu. Vijiti vya kuziba tairi lisilo na tyubu, na vile vikoki vidogo vya ndani ya valvu, ambavyo ukipunguza upepo ili upite mchangani kimoja huruka na hukioni tena. Waya laini wa kufungia. Na kopo la boliti, ambazo aliokota moja akanionyesha kichwa chake: 10.9. Nyingine 8.8. Namba hizo ni za nguvu ya chuma. Boliti ya 8.8 ukiiweka palipotoka ya 10.9 kwenye steringi au springi, umeweka kitu kitakachokatika. Kinyume chake kwa kawaida hakina shida.

Vitu vyote hivyo havikufika uzito wa stata yangu peke yake.

Sisemi vitu vikubwa havivunjiki. Vinavunjika, ila mara nyingi gari linarudi bila hicho kitu. Krosi, yaani jointi, ya propela ya nyuma (mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma) ikikatika, kwenye magari mengi ya kuunganisha magurudumu manne kwa wenzo unaifungua propela yote, unaunganisha, na gari linavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Angalia tu kwanza propela yako imeshikwa kwa flanji, yaani sahani inayofungwa kwa boliti. Ile inayochomekwa moja kwa moja ukiitoa oili inamwagika. Jointi ya akseli ya mbele ikivunjika unafungua loki za habu, unarudi kwa kusukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Lakini kwa magari ambayo akseli ndiyo inayobana beringi ya gurudumu, usiichomoe ukaenda hivyo hivyo. Lazima kile kipande cha nje kirudi kwenye habu na nati yake ikazwe, vinginevyo gurudumu linakuaga njiani. Haya uliza fundi wako kuhusu gari lako kabla ya safari. Usimwulize Bwana Ghala.

Mwenye dizeli abebe filta ya mafuta, zaidi ya moja, na ajue kutoa hewa kwa pampu ya mkono. Mafuta machafu huziba filta pale pale unapohitaji nguvu. Nilishajaribu kukaza filta usiku bila kujua kutoa hewa, betri ikafa kabla yangu. Mafuta ya breki beba chupa ndogo ambayo haijafunguliwa, kwa kuwa yakishafunguliwa hunyonya unyevu. DOT 3 na DOT 4 zinavumiliana. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo. Maji, beba mengi kuliko unavyodhani, kwa sababu rejeta nayo inakunywa.

Na mnaposafiri wengi, semezaneni. Msafara wetu ulikuwa na jeki saba na hakuna aliyekuwa na klempu ya ukubwa wa bomba la hewa la mwenzake. Magari yanayofanana yagawane spea. Mmoja abebe koili, mwingine abebe pampu. Hili ni rahisi kulisema, gumu kulifanya, maana kila mtu anataka kuwa yule mwenye sanduku. Najua. Nilikuwa yeye.

Kwa hiyo msomaji uliyeniuliza, orodha yako ni hii: fungua boneti Jumamosi hii, funga kwa mkono wako kila unachotaka kubeba, kisha beba kilichotoka. Kisichofungika kiache nyumbani. Chochote usichokuwa na spana yake kiache nyumbani.

Sanduku nimeliuza. Kompresa nimebadilisha, na mkanda wa 6PK2100 nimeufunga mwenyewe, mara mbili, ili niwe na uhakika. Ule mfupi ninao bado, kwenye mfuko wa nailoni, umeandikwa kwa kalamu nzito: "Kiyoyozi kikigoma. Spana 14." Mwezi ujao tunarudi korongo lile lile na kijana ndiye anayeongoza. Mimi nitakuwa gari la mwisho, na ndoo yangu. Nyekundu, yenye kifuniko. Na ninyi wa msafara ule, najua mnasoma hapa: lile jina sasa liacheni.