Maswali yenu kuhusu lile ghala la Harmondsworth lililojengwa kwa mbao

Wengi mmeniuliza kuhusu ghala la zamani la mavuno la Harmondsworth, lile lililopo magharibi ya London jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Heathrow, basi leo tuyapitie maswali yenu.

Ni kweli lilijengwa na kanisa kuwekea zaka?

Hapana, ingawa watu wengi wanaamini hivyo. Lilijengwa mwaka 1426 na 1427 na Winchester College, shule iliyoanzishwa na askofu William wa Wykeham. Shule ndo ilikuwa inamiliki shamba la Harmondsworth, kwa hiyo mavuno ya shamba lao wenyewe ndo yalikuwa yanawekwa humo. Hesabu za mwaka 1424 zinawataja hadi watu wawili, William Kyppyng na John atte Oke, walioenda mpaka Kingston upon Thames kutafuta mbao za kazi hiyo.

Ni kubwa kiasi gani?

Urefu kama mita 58, upana mita 12, kwenda juu mita 11. Mshairi John Betjeman aliliita kanisa kuu la Middlesex (jina la zamani la eneo hilo), na ukiingia ukaangalia juu unamuelewa kabisa.

Huku Lamu vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki mita tatu hivi, sasa hao upana wa mita 12 waliupataje?

Swali zuri sana hili, asante! Jibu ni kwamba hawakutegemea boriti moja ivuke kutoka ukuta hadi ukuta. Walisimamisha safu mbili za nguzo nene za mwaloni (mti mgumu wa Ulaya, oak) ndani ya jengo, katikati kukabaki uwazi mpana na kila upande njia nyembamba, halafu juu ya kila jozi ya nguzo ikalala boriti kubwa inayobeba kenchi. Kwenye kona, pale nguzo inapokutana na boriti, kuna vipande vya mbao vilivyopinda vinavyozishika zote mbili ili upepo usiilaze fremu. Mzigo wote wa paa na vigae vyake unashukia kwenye nguzo na fremu, na nguzo zimekaa juu ya mawe, hazijachimbiwa ardhini, ndo maana hazikunyonya maji zikaoza. Zile mbao za ukutani mnazoziona kwa nje ni koti tu, hazibebi paa, na mimi hili ndo naona watu wanalipita bila kulitazama, wanapiga picha ukuta wakati jengo lenyewe ni fremu ya ndani.

Walitumia misumari?

Fremu hapana. Mbao moja inachongwa ulimi, nyingine inatobolewa tundu, ulimi unaingia tundu halafu kinapigwa kijiti cha mbao kupita katikati. Mafundi wa zama zile walikuwa wanaufanyia kazi mwaloni ukiwa bado mbichi maana ukikauka unakuwa mgumu mno, na ule mbichi ukishakauka mahali pake unanywea na kukibana kile kijiti, kwa hiyo kiungo kinazidi kukaza. Na sehemu kubwa sana ya mbao zilizopo leo ni zilezile za mwanzo, yaani miaka 600.

Ndani walikuwa wanafanya nini hasa?

Kuhifadhi ngano, shayiri na nafaka nyingine zikiwa bado kwenye mabua yake. Kwenye maghala ya aina hii mavuno yanaingizwa kwa mikokoteni kupitia milango mikubwa, halafu miezi ya baridi watu wanapura humohumo kwa fimbo, taratibu, na upepo wa mlangoni unasaidia kupepeta makapi. Harmondsworth iliendelea kutumiwa na wakulima mpaka miaka ya 1970.

Nani analitunza sasa, na naweza kuingia?

Lilipitia miaka mibaya, mmiliki aliyekuwepo aliliacha lichakae, inauma kwa kweli. Mwaka 2012 English Heritage, shirika la kutunza majengo ya kale Uingereza, wakalinunua kwa pauni 20,000 na kulikarabati. Linafunguliwa Jumapili kadhaa tu, kuanzia Aprili mpaka Oktoba, kiingilio bure, cheki ratiba yao kabla hujatoka. Ukifika anza na nguzo, chini kwenye jiwe, kisha panda na macho taratibu mpaka kwenye viungo.