Maswali na Majibu: Taa za Nyuma Haziponi kwa Kuongeza Fyuzi

Maswali mengi yaliyofika safari hii yanahusu taa za nyuma. Nimechagua yale ambayo majibu yake yatawafaa wengi, na nimeyafupisha.

Nikikanyaga breki usiku, taa ndogo ya nyuma upande wa kushoto inafifia na indiketa ya upande huohuo inawaka kwa mbali. Nimebadilisha balbu zote, hali ni ileile. (Msomaji wa Ipagala, Dodoma)

Acha kununua balbu, ndugu yangu, kwa maana hiyo ni dalili ya hasi mbovu, na ndiyo ninayoiandikia zaidi ya nyingine yoyote katika safu hii. Kila taa ya nyuma hupokea umeme kwa waya wake, lakini katika magari mengi taa zote za upande mmoja hurudisha umeme kwa waya mmoja wa hasi uliofungwa kwa boliti kwenye bodi, mara nyingi ndani ya buti, nyuma ya zulia la pembeni. Boliti hiyo ikishika kutu au ikilegea, umeme wa breki hukosa njia ya kurudi, na kama maji ya mvua yaliyozibiwa mfereji, hutafuta njia nyingine: hupenya kwenye nyuzi za indiketa na za taa ndogo ili ufike kwenye hasi ya mahali pengine. Indiketa inayowaka kwa mbali ni umeme wa breki uliopotea njia.

Kulithibitisha hilo hakuhitaji mashine. Chukua kipande cha waya, shikiza ncha moja kwenye hasi ya holda (kishikio cha balbu) na nyingine kwenye chuma kisafi kisicho na rangi. Taa zikitengemaa, fundi hana sababu ya kugusa kitu kingine. Afungue boliti ile, apige msasa kichwa cha waya pamoja na mahali kinapokaa mpaka chuma king'ae, akaze, kisha apake grisi kidogo kwa juu, kwani vumbi letu la Dodoma likikutana na unyevu wa mvua za Desemba hurudisha kutu upesi. Mwenye mita apime kati ya hasi ya holda na hasi ya betri wakati taa zinawaka. Ikisoma zaidi ya nusu volti, njia ya kurudi bado ni mbovu.

Kuna kosa moja linalofanana na hilo. Ikiwa unakanyaga breki na taa za dashibodi zinawaka ilhali swichi ya taa imezimwa, chunguza balbu kwanza. Balbu ya nyuzi mbili, wati 21 za breki na wati 5 za taa ndogo, huwa na vitone viwili vya risasi kwenye kitako, na aina yenye pini ubavuni huwa na pini zisizolingana kimo ili isiingie kinyume. Anayelazimisha balbu ya uzi mmoja ndani ya holda hiyo huviunganisha vituo viwili kwa kitone kimoja, na umeme wa breki unapata njia ya kuingia kwenye taa ndogo zote, hadi dashibodi. Balbu isiyoingia kwa mkono mwepesi si ya holda hiyo.

Fyuzi ya taa ndogo inaungua kila nikiwasha taa. Fundi ameniwekea ya ampea 30 na sasa haiungui tena. Je, nimepona? (Kibaigwa)

Hujapona, na naomba usiendeshe gari hilo hata hadi sokoni kabla hujaitoa fyuzi hiyo. Kama kifuniko cha boksi kimeandikwa 10, basi ni 10 nyekundu. Ya 30 ya kijani haikuondoa shoti, imeiruhusu iendelee. Kilichokuwa kikiungua ni fyuzi ya bei ndogo, na kitakachoungua sasa ni waya unaopita chini ya zulia na pembeni mwa viti, mahali ambapo utasikia harufu kabla hujaona moshi. Maneno hayahaya yawaendee wanaozungushia fyuzi karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na wale wanaochomeka kipande cha waya mahali pa fyuzi. Fundi anayefanya hivyo mbele yako, mwombe akurudishie ufunguo.

Shoti hutafutwa hivi. Ondoa balbu zote za taa ndogo, za mbele na za nyuma, pamoja na ile ya kibao cha namba, kisha chukua balbu ya wati 21 yenye nyaya mbili na uiunganishe mahali pa fyuzi. Washa taa. Balbu hiyo ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo, na haitaunguza kitu kwa sababu balbu yenyewe inazuia umeme kupita kiasi, hivyo una muda wa kutosha wa kutikisa nyaya kipande kwa kipande. Anza pale nyaya zinapoingia kwenye mlango wa buti, kwani kila ukifungua na kufunga hukunjwa mahali palepale mpaka ganda linapasuka. Fuata soketi ya tela kama unayo, kisha holda ya taa ya kibao cha namba. Utakapogusa mahali ambapo balbu inazimika, umefika.

Naweza kutumia balbu ya lori ya volti 24 kwenye gari dogo? (Mpwapwa)

Hapana, itapata nusu ya volti yake na itawaka hafifu kiasi kwamba anayekufuata hataiona.

Gari langu la otomatiki limegoma kutoka P (gia ya kuegesha). Gereji moja wameniambia gia boksi ifunguliwe. Je, gharama hiyo haikwepeki? (Area C, Dodoma)

Mama, kabla hujalipa hata shilingi, mwambie mtu asimame nyuma ya gari nawe ukanyage breki. Taa za breki zisipowaka, yaelekea gia boksi ni nzima. Magari mengi ya otomatiki hayaruhusu gia kutoka P mpaka yapate taarifa kwamba breki imekanyagwa, na taarifa hiyo hutoka kwenye swichi ileile inayowasha taa za breki, juu ya pedeli. Fyuzi iliyoandikwa STOP ikiungua, au swichi hiyo ikifa, unakosa taa na gia kwa pamoja. Ninasikitika kuona watu wakifunguliwa gia boksi kwa sababu ya fyuzi, na ninawasihi mafundi wa mji huu wapime kabla ya kutaja bei.

Taa za breki haziwaki. Tatizo ni nini?

Swali hili limetumwa na wasomaji wengi, kwa maneno hayahaya, bila kutaja aina ya gari wala taa ipi. Sitalijibu tena likija hivyo. Niambieni kama ni upande mmoja au pande zote, kama taa ya tatu ya kwenye kioo nayo imezimika, na kama fyuzi imetazamwa. Upande mmoja ni balbu, holda au hasi. Zote tatu kwa pamoja ni fyuzi au swichi ya pedeli. Hayo nimekwisha kuyaandika.

Taa za breki hazizimiki hata nikitoa funguo, na betri inakwisha asubuhi. (Kondoa)

Inama utazame juu ya pedeli ya breki. Kwenye magari mengi ya Kijapani yaliyozeeka, kuna kipande kidogo cha mpira au plastiki kinachobonyeza swichi pedeli inaporudi. Kikikauka na kumeguka, swichi hubaki imeachiwa na taa huwaka mchana na usiku. Utakuta vipande vyake vimeanguka kwenye zulia la miguuni. Kipya ni cha bei ndogo. Usikubali swichi ing'olewe nyaya ili betri ipone, kwani utakuwa umebaki bila taa za breki kabisa.

Nimeweka balbu za LED nyuma na indiketa zinapepesa haraka mno. (Singida)

Relei, kile kifaa kinachopepesa indiketa, imezoea balbu ya wati 21. Ikipata mzigo mdogo inadhani balbu imekufa. Tafuta relei ya LED inayolingana na gari lako, au rudisha balbu za zamani, jambo ambalo ningelifanya mimi. Na kama nyuma ya kioo chekundu umeweka LED nyeupe, fahamu kwamba nyingi hupunguza wekundu, na breki hafifu haimsaidii anayekufuata.

Taa zote za nyuma zikizimika usiku njiani, niwashe hazadi niendelee? (Manyoni)

Usiendelee. Barabara ya Dodoma hadi Singida ina malori usiku kucha, na dereva wa lori anayekuta gari lisiloonekana kwa nyuma hana umbali wa kusimama. Hazadi ikiwaka mfululizo humficha pia kusudio lako la kukata kona, kwa kuwa indiketa haitambuliki tena. Toka nje ya lami kabisa, weka pembetatu mbali nyuma ya gari, kisha tazama fyuzi iliyoandikwa TAIL, yaani ya taa ndogo. Kama taa za dashibodi nazo zimezimika, uwezekano mkubwa ni hiyo. Weka nyingine ya ampea ileile. Ikiungua tena, lala hapo Manyoni na utafute fundi asubuhi.