Kabla mwili wa kaka yenu haujachomwa Uingereza, ulizeni ni nani anayesaini fomu

Mleta mada, mzuieni huyo rafiki wa marehemu asisaini chochote leo. Unasema kaka yako amefariki Leicester, michango haijafikia gharama za kuusafirisha mwili hadi Mwanza, na rafiki yake amewaambia kwamba sheria ya Uingereza inataka mwili uchomwe haraka na kwamba yeye atashughulikia kila kitu. Nanyi mnauliza majivu yataletwa kwa gharama gani, kama padre atakubali kuadhimisha misa, na kama mnaweza kuzika nusu Magu na nusu nyingine kuimwaga ziwani. Hayo yote yanaweza kusubiri, lakini saini haiwezi.

Hakuna sheria ya Uingereza inayolazimisha familia kuchoma mwili wa ndugu yao. Waislamu wanazikwa huko siku zote, katika sehemu zao kwenye makaburi ya halmashauri. Hata marehemu asiye na mtu wa kumzika, ambaye halmashauri inawajibika kumsitiri kwa mujibu wa sheria ya 1984 ya kudhibiti magonjwa, hachomwi pale halmashauri inapokuwa na sababu ya kuamini kwamba yeye mwenyewe asingependa. Aliyetuambia sisi kwamba kuchoma ni lazima alijiita mtaalamu wa mambo ya Watanzania walioko nje, na alizungumza kwa uhakika kama hakimu anayesoma hukumu. Nikikutana naye pale Kamanga watu wakisubiri kivuko, sijui ni nani kati yetu atakayetangulia majini.

Mdogo wetu alipofariki huko, mtu huyo alituandikia katika kundi la msiba kwamba ameshapata nafasi ya kuchoma mwili na anahitaji tu baraka za familia, nasi tukamjibu: "Sawa, endelea, ubarikiwe." Maneno hayo matatu ndiyo yaliyotumika dhidi yetu baadaye. Kikao hakikuwa kimekaa, baba mkubwa alikuwa bado yuko njiani kutoka Sengerema, na mama hakuwa ameulizwa, kwa sababu kila mmoja wetu alidhani mwenzake amemweleza. Mama alikuwa anasubiri mwili. Turubai lilikuwa limefungwa uani Nyegezi, na fundi wa Mabatini alikuwa amekwisha kuranda na kupiga vanishi jeneza la futi sita ambalo, baada ya habari kufika, alikataa katakata kulirudisha. Bado tunalo stoo, tunahifadhia mahindi, na nawahakikishia kwamba panya wanaliheshimu.

Sasa sikilizeni sheria inavyosema, kwa maana hapo ndipo tulipoumia. Kanuni za 2008 za England na Wales, ambazo ndizo zinazotumika Leicester, zinataka maombi ya kuchoma mwili yaletwe na wasii aliyetajwa katika wosia au na ndugu wa karibu, na mtu mwingine akiomba, lazima aeleze sababu ya kuridhisha. Ndugu wa karibu kwa kanuni hizo ni mwenzi wa ndoa, mzazi, mtoto, au jamaa aliyekuwa akiishi na marehemu, jambo ambalo linamaanisha kwamba wewe uliyeko Mwanza, pamoja na kuzaliwa naye tumbo moja, humo. Mama yenu yumo. Fomu yenyewe inauliza waziwazi kama kuna ndugu wa karibu ambaye hajajulishwa, na kama yupo aliyepinga. Mtu wetu alijiandika kuwa binamu, akajibu kwamba wote wamejulishwa na hakuna aliyepinga. Kudanganya kwa makusudi ili mwili uchomwe ni kosa la jinai tangu sheria ya 1902 ya kuchoma miili, lakini mwende mkamshtaki kwa nauli ipi, na kwa ushahidi upi, ilhali ujumbe wenu wa kumbariki anao kwenye simu yake?

Kisha likaja la majivu. Tulipowaandikia wenye tanuru la kuchomea miili, walitujibu kwa adabu nyingi kwamba majivu hukabidhiwa mwombaji au mtu aliyemteua yeye. Mwombaji alikuwa ni yeye. Akatudai kwanza "gharama zake", tukachangishana upya, na chombo cha plastiki cha kahawia chenye karatasi ya jina kilipofika hatimaye, mama alikipakata kitini bila kusema neno, akawa anasugua kwa kidole gumba ile karatasi iliyokuwa imeanza kubanduka pembeni.

Kwa hiyo andikeni barua leo, isainiwe na mama yenu kwa jina lake, ikitaja dini ya marehemu na kwamba yeye kama mzazi hajakubali mwili uchomwe hadi familia itakapoamua, kisha itumeni kwa barua pepe kwa kampuni ya mazishi na kwa wenye tanuru. Huko dini husikilizwa pale mwenye dini anapojitokeza: Mhindu mmoja wa Newcastle, Davender Ghai, alidai haki ya kuchomwa kwa moto wa kuni chini ya anga, na 2010 Mahakama ya Rufaa ikaona kwamba jengo lenye paa la wazi linatosha kutimiza sheria ileile ya 1902. Wasiosema chochote huamuliwa na aliyeshika kalamu.

Padre hatakuwa na tatizo la misa, kwa sababu Kanisa Katoliki limeruhusu kuchoma mwili tangu 1963, ila maelekezo ya Roma ya 2016 yanakataza kuyamwaga majivu majini na kuyagawanya baina ya ndugu, hivyo hiyo hesabu ya nusu Magu na nusu ziwani ifuteni.

Mkiamua baadaye kuchoma, chomeni, lakini mwombaji awe mama yenu, au fomu iandikwe jina la mtu aliyemteua yeye kupokea majivu. Leicester iko nyuma yetu kwa saa mbili au tatu kulingana na msimu, kwa hiyo ofisi zao bado zina muda. Mpelekeeni mama simu sasa hivi.